Mataifa Yote Yako Kisaki



Kila mwaka wa liturujia unapoelekea ukingoni, masomo ya Misa yanapogusia siku za mwisho, swali lile lile huzuka katika jumuiya zetu: je, Injili imekwisha kufika kwa mataifa yote? Swali linatoka katika Mt 24:14, ambapo Yesu anaunganisha kuhubiriwa kwa Injili kwa mataifa yote na kuja kwa ule mwisho. Wapo wahubiri wanaopiga hesabu: nchi hizi zimefikiwa, lugha zile bado, basi muda uliobaki ni mfupi.

Naona unabii haukutolewa ili tuufanye kalenda. Mitume walipomwuliza Yesu habari za nyakati, hakuwapa tarehe. Aliwapa kazi (Mdo 1:7-8).

Tena hesabu hiyo inakwama hapa hapa Kisaki. Mnamo Septemba 1916, mataifa mengi yalikutana katika bonde hili. Walikuwapo Wajerumani na askari wao wa makabila mbalimbali, Waingereza, watu wa Afrika Kusini, na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu. Wengi wa waliotoa amri walikuwa wamebatizwa tangu utoto, na nchi zao zilikuwa zimesikia Injili kwa karne nyingi. Hata hivyo walikuja na bunduki. Nabii Isaya aliona mataifa yakiupanda mlima wa Bwana na kufua panga zao ziwe majembe (Isa 2:2-4). Kisaki iliona kinyume chake. Kumbe taifa linaweza kuhubiriwa na bado lisiwe limefikiwa.

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa mataifa, ethne, halina maana ya nchi zenye bendera. Ni watu wenye asili, lugha na desturi zao. Na kwa Myahudi wa wakati ule lilimaanisha hasa wale wengine, wasio wa kwetu.

Basi tujiulize: hapa Morogoro, wale wengine ni nani? Wakutu na Waluguru wanalima. Wafugaji wa Kimaasai, Kisukuma na Kibarbaig wameingia mabondeni na ng'ombe wao wakitafuta maji na malisho. Ng'ombe wakiingia shambani, mahindi ya mwaka mzima huisha kwa usiku mmoja. Tunajua jambo hilo linaweza kufika wapi: Desemba 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji.

Mipaka ya ardhi na njia za mifugo ni kazi ya serikali, na sala haichukui nafasi yake. Lakini kuna kazi ambayo serikali haiwezi kuifanya. Kikanisa cha kigango kipo kijijini. Boma la mfugaji lipo mbali, na huhama. Ni rahisi mkristo mkulima kusali miaka mingi bila kumwombea mfugaji ila kwamba aondoke. Yona naye alifika Ninawi kwa miguu, lakini moyo wake ulibaki nyuma. Watu walipotubu, alikasirika.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walivuka bahari ili kutukuta. Sisi tunatakiwa kuvuka mto tu. Frateri anayetumwa kwenye uchungaji ajifunze angalau kusalimia kwa lugha ya wafugaji, aingie bomani, akae, asikilize kabla ya kuhubiri. Halmashauri ya kigango iwaulize wafugaji wakristo ni siku gani wanaweza kusali, badala ya kulaumu kwamba hawaonekani. Na jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi huku, tuwashirikishe katika kutafuta amani, kwa sababu ng'ombe hachagui shamba la kuingia.

Mwisho utakuja Mungu atakapopenda. Kwa sasa, dalili ya unabii kutimia Kisaki ninayoitazamia mimi ni hii: mkulima na mfugaji wakae benchi moja, wapeane amani, na mmoja akifiwa, mwingine aende msibani.