Mtoto hakuitwa timu ya mkoa: je, ndiyo basi?

Kila msimu wa michezo ya shule unapofika, nyumba za Pemba zenye vijana wachezaji huwa za aina mbili. Kuna nyumba ambayo kijana ameitwa timu ya wilaya, kisha ya mkoa, na majirani wameshaanza kuulizana atasajiliwa wapi. Na kuna nyumba ambayo kijana amerudi kutoka Gombani kimya, akavua viatu, akenda kulala bila ya kula. Wazazi wa nyumba zote mbili wana swali moja: hawa wanaochagua, wanaona kweli nani atafika mbali?

Marekani kazi hii ya kuchagua imekuwa biashara. Wanafunzi wa sekondari wanaocheza mpira wa kikapu hupangwa kwa namba kila mwaka na watu wanaolipwa kuzunguka viwanjani. Wale wa juu kabisa mara nyingi hufika. LeBron James alikuwa namba moja alipomaliza sekondari mwaka 2003, na kilichofuata kinajulikana. Ukishuka kidogo, orodha inaanza kuyumba. Stephen Curry hakutakiwa na vyuo vikubwa kwa kuwa alionekana mwembamba na mdogo wa mwili, akaishia chuo kidogo cha Davidson. Leo ndiye aliyefunga mitupo mingi ya pointi tatu kuliko mchezaji yeyote katika historia ya NBA.

Mfano wa karibu zaidi ni wa kwetu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa na miaka kama 15, akarefuka hadi mita 2.21, akacheza miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 NBA ilipoteua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kati ya wote. Wa tatu alikuwa James Harden, na Curry akawa wa saba. Thabeet alicheza NBA kwa mara ya mwisho mwaka 2014, akiwa na wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Si wa kuchekwa. Ni Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo. Waliokosea hesabu ni waliomchagua, na walikuwa na kanda za video za miaka mitatu, madaktari, na mchezaji wa miaka 22 aliyekwisha kukua. Mwalimu wa michezo mwenye filimbi na jioni moja ya majaribio atawezaje kuwa na uhakika juu ya mtoto wa miaka 14?

Tatizo kubwa liko mwilini. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, lakini mmoja huanza mapema na mwingine huchelewa. Wavulana wawili wa miaka 13 wanaokaa dawati moja wanaweza kupishana kwa ukomavu wa mifupa na misuli kwa miaka mitatu au zaidi. Mwenye sauti nzito na mabega mapana anamsukuma mwenzake, anakimbia kuliko yeye, anaitwa timu ya wilaya. Miaka minne baadaye mwenzake anamfikia, na ile faida haipo tena. Tarehe ya kuzaliwa nayo ina nguvu yake: umri ukihesabiwa kuanzia Januari, mtoto wa Januari amemzidi wa Disemba karibu mwaka mzima, ingawa wanacheza kundi moja.

Hapo ndipo wengine hupunguza umri kwenye vyeti. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika mashindano ya umri huo. Mzazi anayebadilisha cheti ajue pia kuwa anamnyima mwanawe kujifunza kwa kucheza na wa rika lake.

Mwaka 2021, Arne Güllich wa Ujerumani na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizohusu wanamichezo zaidi ya 6,000. Waliokuwa bora duniani ukubwani, wakilinganishwa na waliofika ngazi ya taifa tu, utotoni walicheza michezo mingine zaidi, walichelewa kuanza mchezo wao mkuu, na mwanzoni maendeleo yao yalikuwa ya polepole. Kwa waliong'ara wakiwa wadogo, mambo yalikuwa kinyume chake. Mbwana Samatta naye hakulelewa katika akademi ya Ulaya. Alipita African Lyon, Simba na TP Mazembe, akajiunga na Genk mwaka 2016 akiwa na miaka 23.

Kwa hiyo akija mtu nyumbani na maneno matamu, anataka kijana aache kidato cha pili avuke kwenda akademi Bara, na anataka nauli na "ada ya usajili" mkononi, aulizwe kijana atasoma shule gani, atalala wapi, na nani atamtibu akivunjika. Asiye na majibu apewe chai, aage.

Aliyeitwa naye ana hatari yake, ya kuchezeshwa kupita kiasi. Uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya pia ya goti ni wa kawaida kwa mtoto anayerefuka haraka huku akiruka na kukimbia kila siku. Mara nyingi dawa yake ni kupunguza mazoezi kwa wiki kadhaa na barafu kwenye kitambaa. Akichechemea, au goti likiuma hata usiku akiwa amelala, apelekwe kituo cha afya. Kuujua wakati huo ni rahisi: asimame penye mlango bila viatu, iwekwe alama ya kalamu kila baada ya miezi mitatu. Alama zikianza kuachana kuliko zamani, mwalimu aambiwe apunguze mbio na kuruka mpaka zikaribiane tena.