Spika za Bei Ghali: Je, Ni Lazima Uzisikie Kabla ya Kununua?

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini wiki hii rafiki yangu ameniuliza swali ambalo nimeona heri nilijibu hapa. Ameweka akiba miaka miwili na sasa anataka kuagiza spika za stereo kutoka Uingereza. Hapa Nairobi hajapata duka lililo na spika hizo. Kila mtu anamwambia: usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mimi nimemwambia aagize, lakini kwa masharti.

Spika zangu za kwanza nilizisikiliza dukani. Muuzaji alichagua wimbo yeye mwenyewe, akapandisha sauti, nami nikasisimka. Nililipa siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili nyumbani nikagundua kwamba nazima muziki mapema. Sauti nyembamba zilinichoma masikio na besi ilinguruma kama lori lililoegeshwa sebuleni. Masikio yangu nilikuwa nayo pale dukani. Hayakunisaidia.

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili. Programu inaweza kwenda vizuri kwenye tarakilishi yangu, kisha ikagoma kwa mteja. Duka ni chumba kimoja, sebule yako ni chumba kingine. Tena sauti ikiongezwa kidogo tu, mtu huiona bora, hata kama spika ni ile ile.

Na macho nayo hudanganya. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu 40 spika kadhaa wazipe alama, mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa zimefichwa. Alama zilibadilika. Spika kubwa za kupendeza zilipanda zilipoonekana, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka. Mwaka 2004 Olive alitoa utafiti mwingine wa spika 70. Alitumia vipimo vya maabara peke yake kukadiria ni zipi ambazo watu wangezipenda bila kuziona, na makadirio yake yalilingana na alama za wasikilizaji kwa uwiano wa 0.86. Hiyo si kamili, lakini ni zaidi ya dakika kumi za dukani.

Basi sharti la kwanza: tafuta vipimo. Kuna kiwango kinachoitwa CTA-2034, ambapo spika hupimwa kutoka pande 70, kila nyuzi 10, kwa mlalo na kwa wima. Ukiona grafu hizo, angalia mambo mawili. Mstari wa mbele uwe karibu kunyooka, bila milima na mabonde. Mistari ya pembeni ishuke polepole, bila kuruka, kwa sababu sauti ya pembeni ndiyo inayogonga kuta na kukurudia.

Sharti la pili: soma namba za kawaida kwa makini. Chukua mfano wa KEF LS50 Meta, iliyotoka mwaka 2020. Kampuni yenyewe inasema unyeti wake ni desibeli 85, na besi yake inaanzia Hz 79. Ukizisoma namba hizo unajua mapema kwamba spika ya desibeli 88 ingehitaji nusu tu ya wati ili kutoa sauti hiyo hiyo, na kwamba mpenzi wa rege huenda akahitaji kuongeza sabufa. Hakuna haja ya kupanda ndege kwenda kuisikiliza ili ujue hayo.

Sharti la tatu: pima chumba chako. Gawanya 343, yaani mwendo wa sauti kwa mita kila sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili. Sebule yangu ina mita 4, kwa hiyo besi ya karibu Hz 43 huvimba humo hata nikileta spika za mfalme. Nyumba zetu nyingi ni za mawe na sakafu ni vigae. Zulia nene na mapazia vitatuliza sauti nyembamba. Kwa besi, zisogeze spika mbali na ukuta, kisha uhamishe kiti.

Najua kuna hoja nzito upande wa pili. Spika zikifika na usipozipenda, kuzirudisha ni taabu: umeshalipa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Grafu pia haitakwambia kama zitakupa raha. Kwa hiyo ukipata mtu mwenye spika hizo, nenda na nyimbo zako ukae naye saa nzima. Lakini kama huna nafasi hiyo, usijilaumu. Na muuzaji akikupa sifa tupu, "tamu", "yenye roho", "ya kifalme", bila kipimo hata kimoja, weka pesa zako mfukoni.

Mbuzi aliye kwenye gunia akiwa na cheti cha daktari wa mifugo, mimi namwamini kuliko mbuzi niliyemtazama dakika kumi sokoni huku mwenyewe akimsifu.

Wewe je, ungeagiza?