Mtu wa Shamba Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wakaaji wa mji wa Bunia,

Kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, twaona nyasi za Djugu na Irumu zikigeuka nyeusi. Mchungaji anawasha moto apate majani mabichi, mwindaji anawasha atoe wanyama vichakani, mwenye shamba anawasha asafishe mahali pa kulima kabla ya mvua ya Machi. Sisi wa mjini twafunga madirisha na kusema ni majira yake. Lakini wako watu wasio na dirisha la kufunga. Hao ni vibarua wa mashamba, wanaume kwa wanawake, na kati yao wamo ndugu zetu waliokimbia vita vilivyowaka tena Djugu mnamo Desemba 2017. Wanalima kutwa katika moshi huo na jua hilo kwa ujira wa siku.

Wengine watasema: jua ni la Mungu, na moshi wazee wetu waliuzoea. Sivyo. Moshi wa nyasi una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo zapita puani mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kitambaa cha kufunga usoni hakizizuii. Na mwili wa mtu hujipoza kwa jasho. Alimaye bila maji, kichwa chamuuma, akili yavurugika, mwisho aanguka. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilieleza kwamba joto kali kazini laua watu wapatao 18,970 kila mwaka, na kwamba katika Afrika wafanyakazi zaidi ya 9 kati ya 10 wanapatwa na joto hilo.

Hatusemi kwamba migodini mambo ni mema. Wachimbaji wadogo wengi washuka shimoni bila hata kofia. Lakini tukumbuke twala jasho la nani. Wakati wa Wabelgiji, wakulima wa hapa walilazimishwa kutoa chakula cha watu wa migodi ya Kilo-Moto. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Fimbo iliondoka, lakini leo njaa ndiyo kapita.

Sheria ipo. Sheria ya Kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, haimtengi mtu wa shamba. Yasema kazi isizidi saa 9 kwa siku. Yasema tena kwamba kibarua wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 katika miezi 2, akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, ahesabiwa kuwa na mapatano ya kazi yasiyo na mwisho. Basi kila kibarua aandike siku zake. Asiyejua kuandika, aandikiwe na mwanawe wa shule. Mtu asiyehesabiwa hawezi kudai hata kikombe cha maji.

Kwingine wamekwisha kuanza. Huko California, Marekani, tangu 2019 moshi wa moto wa nyika ukizidi kipimo, mwajiri alazimika kuwapa watu wake barakoa za kuchuja hewa. Qatar tangu 2021 imekataza kazi ya juani katika miezi ya joto, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu.

Twadai mambo manne. Kwanza, kazi ianze alfajiri, na watu wapumzike kivulini jua likiwa utosini. Pili, maji safi yawe karibu, robo lita kwa kila mtu kila dakika 20. Tatu, asiwashe mtu moto upande unakotoka upepo wakati wenzake wanalima, na moshi ukizidi kazi isimame bila kukata ujira. Nne, mkaguzi wa kazi afike mashambani, asiishie mjini.

Wenye mashamba madogo watalia kwamba wao ni maskini. Twawajua, nasi tu maskini. Lakini kubadili saa za kazi hakuna gharama, na mti wa kivuli hauombi mshahara.

Ndugu wa migodi, tunapodai haki zetu, tumtaje na mtu wa jembe. Maharagwe ya sahani yetu yametoka mikononi mwake.