Mke wa Dereva Ugenini



Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), leo twajibu suali la dada yetu mmoja aishiye Mlolongo, katika kaunti ya Machakos, mji uliopata jina lake kwa safu za malori yaliyokuwa yakingoja zamu mizanini. Mumewe ni dereva wa trela, hubeba makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala. Amepata wakala anayemwahidi kazi ya udereva nchini Kanada, naye amekata shauri kuhama na mkewe na watoto wao watatu. Wakala ataka fedha kwanza. Mume amwomba mkewe auze dhahabu ya mahari yake. Dada yetu auliza: akikataa, je, atakuwa amemuasi mumewe na kuzuia riziki ya wanawe?

Tuanze na dhahabu, kwa kuwa hukumu yake iko wazi. Mahari ni mali ya mke. Si ya mume, si ya baba mtu, wala si ya kaka zake. Aya ya 4 ya Suratun Nisaa yamhalalishia mume kile tu ambacho mke amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Ridhaa iliyotolewa kwa kununiwa siku tatu, au kwa kutishwa kuletewa mke mwenza, hiyo si ridhaa. Dada yetu akikataa hana dhambi. Akikubali, wabainishe tangu mwanzo kama ni hiba au ni karadha. Ikiwa ni karadha, iandikwe na ishuhudiwe, kama tulivyofunzwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Kuandikiana hakuvunji mapenzi, kunayahifadhi.

Pili, wakala. Hatumlaumu mume kwa kutaka kuondoka. Madereva wengi wa Mombasa waliona dhiki mwaka 2019, serikali ilipoamuru makontena ya bara yapelekwe kwa reli mpya ya SGR, na ingawa amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, hofu haikuondoka nyoyoni. Lakini hofu ni mshauri mbaya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi, na wakala naye hana budi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kanada nayo yamkataza mwajiri wa wafanyakazi wa muda kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Ada ya viza ni jambo moja. Fedha za kununua kazi ni jambo jingine. Dada yetu amwombe mumewe aulize fedha hizo ni za nini hasa, na apewe risiti.

Aulize pia kuhusu leseni. Ile ya Kenya ya daraja la CE haitoshi kumkalisha mtu kwenye trela kule na kuanza kazi. Katika jimbo la Ontario, tangu Julai 2017, dereva mpya wa trela hana budi kusomeshwa saa zisizopungua 103.5 kabla ya mtihani. Mwaka 2018 lori liligongana na basi la timu ya vijana huko Saskatchewan wakafa watu 16, na majimbo mengine yakaweka mafunzo ya lazima. Je, nani atalipia mafunzo hayo, na familia itakula nini mpaka yamalizike?

Tatu, na hili ndilo zito. Kutoka Mombasa hadi Kampala hakufiki kilomita 1,200. Kutoka Toronto hadi Vancouver ni zaidi ya 4,000, na sheria ya huko yamruhusu dereva kuendesha hadi saa 13 kwa siku. Basi kuhama kwa familia ya dereva maana yake ni mke na watoto kuhama. Dereva mwenyewe atakuwa barabarani vilevile. Leo mume akikwama Malaba, mkewe ana mamake mkwe, ana jirani wa kumwachia mtoto, ana mwalimu wa madrasa na muuza duka anayemkopesha unga. Kule, usiku wa theluji mtoto akipandwa na homa, atambishia nani mlango? Zaidi ya hayo, tangu Januari 2025 Kanada imepunguza aina za kazi zinazowapatia wenza wa wafanyakazi wa muda kibali cha kufanya kazi. Wahakikishe mapema kama udereva umo, wasije wakategemea mishahara miwili ikawa ni mmoja.

Hijra na familia si jambo geni katika dini yetu. Bibi Asmaa bint Umays alihamia Habasha pamoja na mumewe Jaafar bin Abi Talib, akazaa wanawe huko, na hawakurejea ila mwaka wa 7 wa Hijra. Lakini walikwenda jamaa nzima, kwa mfalme aliyejulikana kwa uadilifu wake. Hawakuhama mtu na mkewe tu.

Kwa hivyo nasaha yetu ni hii. Wakae wawili washauriane, bila ya simu ya wakala mkononi. Ikiwa kazi ni ya kweli, mume atangulie, apate leseni, atafute nyumba karibu na msikiti na Waislamu wenzake, kisha ailete familia. Na utengano huo uwekewe muda. Sayyidna Umar (r.a.) alipotambua dhiki ya mke ambaye mumewe yuko vitani, alimuuliza bintiye Hafsa mke aweza kustahimili muda gani, akaweka mpaka wa miezi minne, na katika riwaya nyingine sita. Wakiona mpaka huo hautoshi, waafikiane wao kwa ridhaa ya wote wawili, si mume peke yake.

Muda huo dada yetu asiukalie bure. Ajifunze Kiingereza, aweke pasipoti yake na za watoto mahali anapopajua, afungue akaunti kwa jina lake. Na mumewe, kabla ya kuondoka, amlipie mafunzo ya kuendesha gari. Haifai mke wa dereva kukwama nyumbani ugenini, na mtoto mgonjwa mapajani, kwa kutojua kushika usukani.

Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu salama, na wake zao subira yenye malipo. Amin. Wallahu a'lam.