Looper na hesabu isiyoulizwa

Mhakiki aliyeitupa Looper, filamu ya Rian Johnson ya mwaka 2012, eti kwa sababu hesabu zake za safari za wakati hazikubali, amesahihisha mtihani ambao hakuna aliyeufanya. Hii ni filamu ya wauaji wa kukodiwa. Mwaka 2044, Joe anawapiga risasi watu wanaorudishwa na genge kutoka 2074, analipwa kwa fedha, na anajua fika kwamba siku moja atakayeletwa mbele ya bunduki ni yeye mwenyewe, kazeeka.

Kitazame kisa cha Seth, muuaji mwenzake Joe. Seth mzee yuko mbioni; ghafla vidole vyake vinaanza kutoweka kimoja kimoja, kisha pua, kisha miguu. Kwingineko, Seth kijana anakatwakatwa. Kimantiki ni upuuzi, nakubali: kilema huyo angeishije miaka 30 ileile hadi akafika pale mzima? Ila mateso yenyewe yamefichwa, na bado mtazamaji anajikunja kitini. Nani atashika kalamu apige hesabu wakati huo?

Filamu ina kasoro, tena kubwa, lakini mwenzetu kazipita. Genge linawarudisha wahanga nyuma kwa kuwa mwaka 2074 kuficha maiti ni shida. Mbona basi mke wa Joe anapigwa risasi hukohuko? Na mke huyo, ambaye kifo chake ndicho kinachomsukuma Joe mzee (Bruce Willis) kuwinda hata watoto, karibu hafungui kinywa. Angeandika hayo, tungeelewana.