Mama, lile kabati lilikuwa la shilingi ngapi?

Najua niliahidi toleo hili tuzungumze habari za mawifi. Mawifi wavute subira kidogo, hawaendi popote. Nimerudi kutoka Bariadi wiki mbili zilizopita na nimerudi na stori ambayo sikutegemea ingeingia kwenye ukurasa huu, kwa sababu ni stori ya bima. Usifunue ukurasa kwanza. Ina mume, ina mke, ina mama mkwe na ina sofa.

Nilikwenda Bariadi kwenye sendofu ya binamu yangu. Kama hujafika, ukitoka Mwanza unapita njia ya Musoma mpaka Lamadi, pale karibu na ziwa, halafu unakata kulia. Mji umebadilika sana tangu Simiyu ilipokatwa kutoka Shinyanga na kuwa mkoa wake mwaka 2012. Msimu wa pamba ukiwa mzuri unauona mpaka kwenye mageti ya watu: friji inashushwa huku, sofa inashushwa kule, televisheni ya ukutani kwa jirani. Mimi nilifikia kwa rafiki yangu wa zamani, tuliyesoma naye, ambaye yeye na mumewe wote ni waajiriwa. Nilikuta sebule ina mkeka na viti vya plastiki. Nikajua kuna jambo. Wasukuma hawakukaribishi na tatizo, kwanza "Mwangaluka", kwanza chakula. Jioni ndiyo akanisimulia.

Nyumba iliungua. Siyo yote: sebule, chumba chao na korido. Umeme ulikatika jioni, uliporudi usiku waya wa ile "ekstensheni" iliyobeba friji, televisheni na redio ukashika moto nyuma ya pazia. Watoto walitoka salama, Mungu mkubwa. Majirani walikuja na ndoo, mmoja akakumbuka kupiga 114 ya Zimamoto. Asubuhi mumewe akamwambia, "Usilie, tuna bima."

Shoga yangu alifuta machozi. Anasema katika ndoa yao ya miaka tisa hakuwahi kumpenda yule bwana kama asubuhi ile. Mapenzi hayo yalidumu mpaka saa nane mchana.

Saa nane walifungua bahasha. Kumbe bima waliyoifikiria ni ile ya mkopo wa benki waliojengea nyumba. Hiyo inalinda jengo: kuta, bati, milango, na kwanza kabisa inalinda deni la benki. Kijiko hakimo, kitanda hakimo. Hapa watu wengi tunajidanganya. Vitu vya ndani vina bima yake, na kinyume chake pia ni kweli: mpangaji asiyemiliki hata tofali moja anaweza kukatia bima makochi yake. Bahati yao, mume aliwahi kukata na hiyo ya vitu vya ndani kupitia wakala aliyepita ofisini kwao. Aliulizwa, "Vitu vyako vyote vina thamani gani?" Akatazama dari, akasema milioni nane. Ada ikawa ndogo, akafurahi, akalipa. Mkewe hakuulizwa kitu.

Walifanya vizuri jambo moja: siku ileile waliitaarifu kampuni, kwa simu na kwa maandishi. Mikataba karibu yote inataka taarifa mapema, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukukatalia. Wakachukua taarifa ya polisi, taarifa ya Zimamoto na barua ya serikali ya mtaa. Hawakutupa vilivyoungua, ingawa mama mkwe alishika fagio tangu alfajiri akitaka kusafisha aibu ile. Mkwe wangu huyo wa hiari alikuwa na nia njema, lakini mabaki ni ushahidi. Friji nyeusi iliyokunjamana inasema kwamba friji ilikuwepo.

Wakajaza fomu ya madai. Baada ya siku kadhaa akaja mkadiriaji hasara kutoka Mwanza, kijana mpole mwenye kamera na mafaili. Kazi yake si kutoa pesa. Kazi yake ni kuangalia nini kilisababisha hasara, kama chanzo hicho kimo kwenye mkataba, na hasara ni kiasi gani. Akaanza kuuliza kitu kimoja kimoja, mume na mke wamekaa pamoja kwenye viti vya kuazima.

"Mama, lile kabati lilikuwa la shilingi ngapi?"

Kimya.

Msomaji wangu, unamjua huyu mwanamke. Ni wewe, ni mimi. Kitu cha laki nne ukifika nacho nyumbani ni "laki moja na nusu, nilipunguziwa". Kitenge cha elfu hamsini "nilipewa na dada". Rafiki yangu alikuwa anacheza kikoba miaka yote ile, na kila mgao ukitoka kitu kinaingia ndani kwa bei ya uongo. Lile sofa mumewe alilijua kuwa la laki nne na nusu. Lilikuwa la milioni moja na laki tatu. Risiti alizichana mwenyewe, kwa usalama wa ndoa.

Alijibu ukweli mbele ya mgeni. Ananiambia, "Sikuogopa moto kama nilivyoogopa kumwangalia baba watoto." Na yeye baba watoto hakuwa malaika: ilitokea kwamba redio ile kubwa nayo ilikuwa na bei mbili.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Mkadiriaji hakuhesabu vilivyoungua peke yake. Alihesabu vitu vya nyumba nzima, hata vyumba ambavyo moto haukufika, mpaka masufuria. Akapata vyote pamoja, kabla ya moto, vilikuwa na thamani ya milioni kumi na sita. Wao walikata bima ya milioni nane. Maana yake walilipia nusu ya mzigo, na kampuni ikabeba nusu ya hasara. Kanuni hiyo imo karibu kila mkataba wa namna hii, imeandikwa kwa herufi ndogo, na haijali kwamba hasara yako yenyewe haifiki hata hiyo milioni nane. Ukikata nusu, ukaungukiwa na kochi moja tu, unalipwa nusu kochi.

Wao walidai milioni kumi na moja na nusu. Kwanza zikatoka milioni moja na nusu za vitenge. Vilikuwa vya kuuza, na bima ya vitu vya nyumbani kwa kawaida haigusi bidhaa za biashara. Ukiwa na friza ya kuuzia barafu na juisi, au cherehani ya kushonea wateja, sema mapema ziandikwe peke yake. Halafu ikatoka milioni moja ya uchakavu, maana mkataba wao ulikuwa wa kurudishwa ulipokuwa, siyo wa kupewa kipya kwa cha zamani. Kuna mikataba ya aina zote mbili, na hiyo ya pili ada yake ni kubwa zaidi. Ikabaki milioni tisa.

Katikati ya hesabu hizo mambo mawili nusura yaharibu kila kitu. La kwanza, mume usiku mmoja akaja na wazo la kuongeza kompyuta mpakato ambayo haikuwahi kuwepo. "Si wanatupunja? Na sisi tujiongeze." Mkewe alikataa, wakalala wamegeukiana migongo. Nampongeza hapa hadharani. Bima inasimama juu ya ukweli wa pande zote mbili, na mikataba inasema wazi kwamba udanganyifu kwenye dai unaweza kuangusha dai zima. Unadai kompyuta hewa, unapoteza kitanda cha kweli.

La pili lilikuwa pamba. Ndiyo, pamba. Tupo Simiyu bwana! Mama mkwe alikuwa ameleta magunia yake akayaweka stoo ya uani akisubiri siku ya kupima. Kwenye fomu ya kuombea bima kulikuwa na swali kama nyumbani kunahifadhiwa vitu vinavyoshika moto kwa urahisi. Jibu lilikuwa "hapana", na aliyeweka alama ile alikuwa wakala, mume akasaini chini bila kusoma. Kampuni ikaandika barua kuuliza. Wiki mbili hawakulala. Wakajibu kwa maandishi, ukweli mtupu: pamba ililetwa baadaye, ilikaa siku chache, ilikuwa stoo ya nje na moto haukufika huko, na mabaki ya waya yapo. Taarifa ya Zimamoto ilisema vilevile kwamba chanzo kilikuwa sebuleni. Likapita. Lakini ningewashauri wote mnaoweka pamba, petroli ya jenereta au mitungi ya gesi ya kuuza ndani ya nyumba: itaarifuni kampuni, hata kama mzigo ni wa mama mkwe na huwezi kumwambia autoe.

Ofa ya kwanza ilikuja: milioni tatu na laki sita. Mume akataka kusaini palepale, amechoka. Rafiki yangu (naye ana kichwa kigumu, namjua tangu chuo) akasema tusome kwanza. Karatasi unayosaini kupokea malipo huwa inasema ni malipo kamili na ya mwisho. Ukishasaini, kurudi kudai tena ni shughuli pevu. Wakaomba mchanganuo. Kumbe friji ilikuwa imeondolewa kwa maelezo kwamba inatengenezeka. Wakaleta barua ya fundi, na picha ya sherehe ya ubatizo wa mtoto ambapo friji inaonekana nyuma ya keki, mpya kabisa. Friji ikarudishwa kwa milioni moja. Milioni nane ikawa tisa, nusu yake nne na nusu, ikatolewa asilimia kumi ambayo mkataba wao unasema mteja anaibeba mwenyewe. Wakalipwa milioni nne na elfu hamsini.

Kama wangekataliwa kabisa, njia bado ilikuwepo. Unaanza kwa kulalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Ukigonga ukuta unakwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Vyote viwili vinatambuliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wazazi wetu walikuwa na NIC peke yake kwa miaka mingi, mpaka soko lilipofunguliwa mwaka 1996, kwa hiyo wengi bado tunadhani ukikataliwa dirishani ndiyo basi tena.

Pesa ziliingia kwenye akaunti ya mume. Mkataba ulikuwa kwa jina lake. Ulilinda vitu vya familia yote inayoishi naye, ndiyo maana hata sofa la kikoba lilihesabiwa, lakini hundi hufuata jina. Na hapo ndipo rafiki yangu aliponiuliza swali ambalo amekuwa nalo tangu siku ile: "Hivi vitu vyangu, pesa yangu, imeingia kwa nani?" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuolewa peke yake hakumhamishii mtu mali ya mwenzake. Na Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Lakini hayo ni ya mahakamani, wewe unataka mambo ya sebuleni. Sebuleni dawa ni kuandikisha bima kwa majina yote mawili tangu mwanzo. Inawezekana, unaomba tu, na wachache mno wanaomba.

Wao waligawana baada ya ugomvi wa siku tatu ambao hakukubali kunisimulia wote. Sehemu ilikwenda kwenye rangi na nyaya mpya, sehemu kwenye kitanda, na laki nane zikabaki kwake. Wamekata bima upya, majina mawili. Safari hii walipita chumba kwa chumba na daftari, wakaandika kila kitu na bei ya kukinunua leo, na kupiga picha kwa simu. Picha amezituma kwa dada yake Maswa, maana simu nayo inaungua. Risiti za mashine ya EFD nazo anazipiga picha siku hiyohiyo, kwa sababu zile karatasi zinafifia zikabaki nyeupe. Ada imepanda, mume ananung'unika, analipa. Daftari linakaa ofisini kwa mume, bei zote zimo.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza stendi amevaa kitenge kizuri mno, kipya. Nikamuuliza bei. Akageuka kwanza kuangalia kama mumewe bado yuko upande ule wa buti.