Gari la haibridi: Tuulize betri kabla ya bei

GARI langu la zamani limefika mwisho. Ni Toyota Corolla, lile ambalo hapa Uganda huitwa Kikumi. Limenibebea watoto hadi shuleni, limevuka mpaka wa Busia mara zisizo na idadi, na hapa Kimaka kila jirani anaujua mlio wake. Juzi fundi alifunga boneti akaniambia bila kuficha: "Mwalimu, sasa unalisha maiti."

Basi nami nimeingia katika kundi la wanaotafuta gari la haibridi. Wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni, pamoja na ndugu zetu wafanyabiashara wa Busia na Malaba, tunanunua gari kwa akiba ya miaka mingi. Tukikosea, hakuna akiba ya pili. Kwa hiyo suala hili linastahili kutazamwa kwa makini.

Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Aina ya kawaida haichomekwi ukutani kama simu. Dereva anapokanyaga breki, nguvu ambayo gari jingine huipoteza kama joto hugeuzwa umeme na kuhifadhiwa katika betri kubwa. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997. Wala sisi wa Jinja si wageni wa jambo hili. Mwaka 2014 wahandisi wetu walitoa Kiira EV Smack, gari la haibridi lililobeba jina la hapa hapa kwetu.

Sababu ya kulitamani inaeleweka. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia kupinga ada za vipimo vya COVID-19, petroli iliadimika na bei ikapaa. Aliyekuwa na gari linalokunywa kidogo alipumua. Mimi niliyasukuma maisha kwa bodaboda.

Hata hivyo, tusidanganyike. Katika yadi moja muuzaji aliniapia kwamba gari lake "halili mafuta kabisa". Nilipoomba fundi wangu aunganishe kompyuta asome hali ya betri, alikasirika akasema wateja wengine hawana maswali mengi. Niliondoka. Kununua haibridi kuukuu bila kupima betri ni kununua mbuzi kwenye gunia. Betri hiyo huchakaa kwa miaka na kwa joto, na kuibadilisha kunaweza kumeza yote uliyookoa kwenye mafuta. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Jambo la pili ni safari zenyewe. Haibridi hushinda mjini, penye foleni na breki za mara kwa mara, kwani hapo ndipo umeme unapovunwa. Mwalimu anayetoka Kimaka kwenda sokoni na kurudi atauona unafuu. Mfanyabiashara anayetoka Jinja kupitia Iganga na Bugiri hadi Busia, kwa mwendo mmoja na mzigo mzito, faida yake ni ndogo zaidi. Huyo apige hesabu upya. Huenda gari la kawaida lenye injini ndogo na afya njema likamfaa kuliko sifa za jirani.

Tatu, betri hupumua. Katika magari mengi ya aina hii, kama vile Prius, kuna tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma, na feni yake hupooza betri. Ukilirundikia magunia ya vitunguu au marobota ya mitumba, au vumbi likaliziba, betri hupata joto na kufa mapema. Aidha, umeme wake katika Prius hupita volti 200. Nyaya za rangi ya chungwa si za kuchezewa na fundi wa kubahatisha chini ya mwembe.

Nne ni sheria. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa upande mwingine, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa anayehamia nafuu ya ushuru kwa gari moja, mradi amelimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12. Ndugu uliye ughaibuni na unayejiandaa kurudi, uliza habari hii kabla hujaliuza gari lako huko kwa bei ya kutupa.

Wito wetu ni mfupi. Serikali ilazimishe kila muuzaji wa haibridi kuukuu ampe mnunuzi taarifa ya maandishi ya hali ya betri, kama anavyompa kadi ya gari. Vyuo vya ufundi vya Jinja na Mbale viwafunze vijana kazi hii. Mji unaozalisha umeme kwa maji ya Nile tangu 1954 haufai kukosa mafundi wa mota ya umeme.

Nasi wanunuzi tusione haya kuuliza. Miaka ya uhamishoni ilitufunza kukagua daraja kabla ya kulivuka. Kikumi changu kitabaki uani kwa wiki chache zaidi, hadi nimpate muuzaji atakayeniruhusu kupima betri kwanza.